Kleist Sykes: Mtaa tunaujua, mwenye jina je?

Leo naomba niwaletee habari ya mzee mmoja wa Kariakoo ambaye jina lake tunalitaja kila siku bila kumjua. Hapa kwetu Mchikichini ukimtuma mtoto Mtaa wa Kleist ataenda na kurudi bila kupotea. Madalali wanaujua, wapiga debe wanaujua, kina mama wa vitenge wanaujua. Sasa waulize huyo Kleist ni nani! Nimewahi kuuliza vijana wa pale Karume kwenye mitumba, mmoja akaniambia ni Mjerumani aliyepima viwanja vya Kariakoo. Mwingine akasema ni Mhindi aliyekuwa na maduka mengi. Mwingine akacheka tu, akasema bro, mimi nauza viatu.

Simlaumu. Jina lenyewe linachanganya. Kleist ni Kijerumani, Sykes linasikika Kiingereza, na mwenye nayo alikuwa Mwafrika mweusi, Mwislamu, karani wa reli, mkazi wa Kariakoo. Kama una nusu saa kwenye hiyo kompyuta ya kukodi, kaa hapa dakika kumi tu. Habari hii inakuhusu hasa wewe uliyemaliza shule, una cheti kabatini na unajiuliza kina faida gani.

MTOTO WA ASKARI

Tuanze na baba. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim kule Pangani, waliwakatalia Wajerumani. Wajerumani wakamleta Hermann von Wissmann mwaka 1889 kuja kuzima vita hivyo, na Wissmann akatafuta askari wa kukodi. Wengine walitoka Sudan kupitia Misri, wengine aliwachukua Msumbiji, watu wa asili ya Kizulu na Kishangani kutoka upande wa Inhambane. Kati ya hao wa Msumbiji alikuwemo mtu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na askari wale hawakurudi kwao. Walibaki, wakapigana tena vita vya Uhehe dhidi ya Mkwawa, wakaoa, wakazaa.

Kleist alizaliwa mwaka 1894, Pangani hukohuko. Yaani tangu mwanzo historia yake ina kona. Baba yake alikuja kumpigania mkoloni, na mtoto akaja kuwa miongoni mwa waliofungua njia ya kumtoa mkoloni. Mimi nadhani tusiifiche hiyo. Hakuna anayechagua baba yake alikuja mjini kwa kazi gani. Tena ukichimba kwenye familia za mji huu, nyingi zina askari, mpagazi au mtumwa nyuma yake.

Baba akafa Kleist akiwa bado mdogo. Akalelewa na Affande Plantan, askari mwenzake baba yake, mtu wa kulekule Msumbiji. Nyumba ya Plantan ilikuwa na watoto wengine ambao nao majina yao yamo kwenye historia ya mji huu, kama Schneider Plantan na Ramadhan Mashado Plantan, huyo aliyekuja kuwa na gazeti lake la Zuhra. Kwa hiyo alikulia kwenye ukoo wa kulelewa, siyo wa damu. Watu wa uswahilini mnaelewa ninachosema. Mtoto wa mwenzio akibaki peke yake unamwingiza ndani, anakula na wanao, basi.

SHULE YA MJERUMANI

Serikali ya Wajerumani ilianza kufungua shule zake mwaka 1892 pale Tanga, halafu sehemu nyingine, Dar es Salaam ikiwemo. Shule zile hazikufunguliwa kwa huruma. Mjerumani alitaka makarani, wakalimani na maakida, watu wa kumwandikia kodi na kumsomea barua. Masomo yalikuwa kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, na waliofaulu zaidi walifundishwa Kijerumani.

Kleist alipita humo, akajua Kijerumani na kupiga taipu. Kwa siku zile kijana Mwafrika mwenye taipu alikuwa kama mtu wa leo anayejua kutengeneza programu za kompyuta. Walikuwa wachache mno, unaweza kuwahesabu.

Mwaka 1914 vita vikaanza. Kleist akawa kwenye jeshi la Wajerumani, lile la Paul von Lettow-Vorbeck. Wengi tunajua vita hivyo kwa jina la Kariakoo tu, maana jina la sehemu yetu hii limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo na Waingereza. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na von Lettow aliweka silaha chini Novemba 1918 kule Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, ambako leo ni Mbala, Zambia.

Sasa fikiria kijana wa miaka 24 hivi. Serikali iliyomsomesha imeondoka, lugha aliyohangaika kujifunza haina kazi tena, jeshi lake limeshindwa. Wapo waliokata tamaa hapo. Kleist alianza upya na Kiingereza, akapata ukarani kwenye Reli ya Tanganyika. Akaoa, akajenga maisha Kariakoo, Mtaa wa Kipata, huo ambao baadaye umeitwa kwa jina lake.

Mji wenyewe Mwingereza aliugawa vipande vitatu. Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika huku Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mpaka. Karani wa reli aliamka Kariakoo, akavuka Mnazi Mmoja kwenda kumtumikia Mzungu, jioni akarudi upande wake. Nadhani mtu akivuka mpaka ule kila siku kwa miaka, hata asipofundishwa siasa, ataanza kujiuliza maswali.

KATIBU

Mwaka 1924 alipita Dar es Salaam Dk. James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyekuwa amesoma na kufundisha Marekani. Alikuja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikikagua elimu ya Waafrika. Ndiye huyo mwenye Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, na wengi wetu yeye pia hatumjui. Kleist alikutana naye. Katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe, Kleist alieleza kwamba Aggrey aliwahimiza Waafrika wa hapa waunde umoja wao, wasikae wakisubiri kusemewa.

Vyama vidogo vilikuwepo tayari. Mwaka 1922 Martin Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Lakini hicho kilikuwa cha wafanyakazi wa serikali tu. Mwaka 1929 Kleist na wenzake wakaunda African Association, chama ambacho jina lake peke yake lilikuwa jambo kubwa. Hakikuwa cha Wazaramo, wala Wamanyema, wala Wanubi. Kilikuwa cha Waafrika. Rais wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mkristo. Katibu akawa Kleist, Mwislamu. Wenzao walikuwa kina Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima, Suleiman Majisu, Raikes Kusi na Rawson Watts. Yatazame majina hayo, ya misikitini na ya makanisani yamekaa kwenye orodha moja. Miaka ile mtu angeweza kusema haiwezekani, na wao waliifanya.

Naomba nikae kidogo kwenye neno katibu, maana tunalidharau. Rais anakaa mbele, anapigwa picha. Katibu ndiye anayejua daftari la wanachama liko wapi, barua ipi imejibiwa, nani hajalipa ada, mkutano uliopita waliamua nini. Chama bila katibu ni kijiwe. Kleist alikuwa karani, kazi aliyofundishwa ili amtumikie mkoloni, na ustadi uleule wa kupanga mafaili akauleta kwa watu wake baada ya saa za kazi. Hakulipwa kwa hilo. Mchana anaandika barua za reli, usiku anaandika za chama.

Wakaamua wajenge ofisi. Wakajenga kwa michango na kwa kujitolea wenyewe, kwenye barabara ya New Street, ambayo leo ni Lumumba. Ndiyo pale palipo ofisi ndogo ya CCM. Ukipita na daladala ukaona zile bendera za kijani, ujue kwamba kiwanja kile kilianza na makarani na mafundi wa Kariakoo waliochangishana miaka ishirini na zaidi kabla ya TANU kuzaliwa humohumo Julai 7, 1954. Chama kilivuka maji pia, Zanzibar ikapata African Association yake mwaka 1934. Bara kilikwenda na watumishi waliohamishwa kikazi, karani akipelekwa kituo kipya anabeba chama kichwani.

SHULE

Hapa ndipo ninapompendea zaidi huyu mzee, na ndipo panaposahaulika.

Enzi za Mwingereza, shule nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni. Za serikali zilikuwa chache, na misheni zilikuwa zikipata ruzuku. Mzazi Mwislamu wa Kariakoo alikuwa na mawili. Ampeleke mtoto misheni huku anaogopa atabadilishwa dini, au amwache chuoni asome Kurani tu, akikua asiweze kupata hata ukarani. Matokeo yake watoto wa mji huu, waliozaliwa hatua chache kutoka ofisi za serikali, walikuwa wanaachwa nyuma.

Mwaka 1933 ikaundwa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Waliokuwa mbele ni walewale wa African Association, Mzee bin Sudi akiwa rais na Kleist katibu. Lengo lao kubwa likawa shule, na shule ikajengwa hapahapa Kariakoo. Mtoto akasoma dini yake na akasoma hesabu, kuandika na Kiingereza chini ya paa moja. Hakuhitaji kuchagua.

Iangalieni vizuri. Kleist alishasoma. Alikuwa na kazi, alikuwa na nyumba, na wanawe asingekosa njia ya kuwasomesha. Angeweza kufunga mlango wake. Badala yake alihangaika na michango ya shule ya watoto wa watu wengine, wa wavuvi, wapagazi, wauza mihogo. Na michango ya uswahilini mnaijua ilivyo! Huyu anatoa, huyu anaahidi, yule anauliza za mwezi jana zilikwenda wapi. Mtu wa daftari safi ndiye anayeweza kuimaliza kazi kama hiyo.

Mimi nilisoma shule moja ya hapa mjini, jina naliacha. Tulikaa chini darasa la kwanza hadi la tatu. Waliotoka pale kabla yetu baadhi yao wamefanikiwa, wana maofisi, wana magari. Katika miaka yangu saba sikuona hata mmoja aliyerudi kuuliza madawati yako wapi. Ndiyo maana habari ya Kleist iliponifikia ilinikamata. Mtu aliyesomeshwa na mkoloni ili awe karani wa mkoloni alijiona ana deni kwa watoto wa mtaani kwake. Sisi tuliosomeshwa na nchi yetu wenyewe, kwa kodi za mama lishe, deni letu likoje?

HAKUWA MALAIKA

Sitaki niwape hadithi ya malaika. Kulikuwa na lawama. African Association ya miaka ya mwanzo ilikuwa zaidi ya watu wenye kazi za ofisini, na mtumishi wa serikali hawezi kumpigia serikali kelele sana, kesho atahamishwa au atafukuzwa. Hapahapa Kariakoo alikuwepo Erica Fiah, muuza duka kutoka Uganda, aliyeanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Yeye aliona wafanyabiashara na wanyonge wanahitaji sauti kali kuliko ya makarani. Katika miaka ya 1930 chama kilipoa, na kuna wanaosema nguvu za kina Kleist zilihamia kwenye Jamiatul Islamiyya. Na wanawake kwenye majina yale ya waasisi huwaoni kabisa, ingawa nina hakika chai na ubwabwa wa mikutano haukujipika.

Hayo yote ni kweli, na bado majengo mawili yalisimama, ofisi na shule. Kelele zina kazi yake, mimi mwenyewe napiga sana hapa. Lakini kilichowasaidia waliofuata kilikuwa kwanza mahali pa kukutania na pili vijana wanaojua kusoma.

Mwaka 1942 Kleist aliacha kazi ya reli akaingia kwenye biashara, akawa miongoni mwa Waafrika waliojiweza mjini. Mwaka 1948 African Association ya bara ikawa Tanganyika African Association, TAA. Mwaka uliofuata, 1949, Kleist akafariki, akiwa na miaka kama 55. Uhuru hakuuona. TANU hakuiona.

WALIOBAKI

Aliacha watoto, na watatu kati yao mmewasikia. Abdulwahid na Ally walipelekwa vitani na Waingereza, kwenye King's African Rifles, Vita vya Pili. Abdulwahid alifika Burma. Aliporudi akawa mkuu wa soko hapahapa Kariakoo, na akawa kiongozi wa TAA. Aprili 1953, pale ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, alishindana na mwalimu mmoja aliyekuwa hajulikani sana mjini, Julius Nyerere. Nyerere akashinda, na Abdulwahid hakununa, akaendelea kufanya naye kazi. Mwaka uliofuata TANU ikazaliwa kwenye nyumba ile ya New Street. Kadi namba 1 Nyerere, namba 2 Ally Sykes, namba 3 Abdulwahid. Mdogo wao Abbas alikuja kuwa balozi. Abdulwahid alifariki 1968, Ally 2013, Abbas 2021. Mjukuu mmoja, mwana wa Abdulwahid aliyepewa jina la babu yake, alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Lakini mjukuu ninayetaka mumkumbuke leo ni Daisy Sykes Buruku. Yeye alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika maisha ya babu yake, akitumia kumbukumbu ambazo mzee mwenyewe aliziandika kabla ya kufa. Makala hiyo ilitoka mwaka 1973 kwenye kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe. Baadaye Mohamed Said akaandika kitabu kizima kuhusu Abdulwahid, kilichotoka London mwaka 1998, na sehemu kubwa ya hayo ninayowaambia ilipata nguvu humo.

Unaona mambo yalivyokwenda? Katibu aliandika mpaka mwisho, akaandika na maisha yake. Karatasi zikakaa nyumbani. Mjukuu akapata shule, akazisoma, akazitoa. Kama mzee asingeandika, au karatasi zikafungiwa maandazi, leo tungebaki na kibao cha mtaa na vijana wa Karume wakiniambia ni Mjerumani. Wazee wangapi wa Mchikichini na Ilala wamezikwa na madaftari yao? Na sisi wenyewe tunaona jinsi vitu vinavyopotea. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, soko la Karume likaungua Januari 2022. Bidhaa zilihesabiwa, wakapewa pole wenye vibanda. Kumbukumbu zilizoteketea humo nani kazihesabu?

Kwa hiyo wadau, mimi nina mawili tu. Kwanza, kama una bibi au babu aliyesoma au kufundisha shule za Kariakoo miaka ile, kaa naye chini, chukua daftari, mwulize majina na miaka, andika. Simu yako ina kinasa sauti, itumie kabla hujarekodi bongofleva nyingine. Pili, shule uliyosoma ipo, haijahama. Nenda siku moja ukaangalie choo cha wanafunzi kikoje na vitabu vipo vingapi. Huna hela? Kleist alianza na kalamu. Kuna walimu wakuu wanaomtafuta mtu wa kuwaandikia tu barua za kuomba msaada, wa kuweka sawa orodha ya michango, wa kuwafundisha watoto kompyuta Jumamosi saa mbili.

Mwenye picha ya zamani ya mitaa ya Kipata au New Street, au anayejua zaidi kuhusu hao wengine niliowataja, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima na wenzao, aandike hapo chini kwenye maoni. Kina Kleist angalau wana mtaa. Hao wengine hata kibao hawana.